Alipigwa Kofi Akiwa Amelala

Ukitaka kumjua Nekoye, usihangaike na uso. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, ule wa mama unayemwuliza njia pale stejini Molo na kumsahau kabla hujavuka barabara. Anza na mifuko ya aproni yake. Mfuko wa kushoto ulikaa na maharagwe thelathini, yale ya rosekoko yenye madoadoa. Mfuko wa kulia ulikaa mtupu. Mgonjwa akivuta pumzi moja, haragwe moja linahama kutoka kushoto kwenda kulia, na simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, inampimia dakika. Dakika ikiisha anahesabu mfuko wa kulia. Kumi na tano, Mungu ni mwema. Kumi na mbili, endelea kutazama. Kumi, mtikise. Nane, piga nduru.

Hakuna mwalimu aliyemfundisha hayo. Aliajiriwa kupiga deki.

Na usiniulize kwa nini hakuhesabu tu kwa kichwa. Kwenye hospitali ya Mwaura, mtu aliyeketi ni mtu ambaye hajatumwa bado. "Mathe, beseni!" "Mathe, kuna mtu ametapika hapa!" "Mathe, hebu angalia kama maji yamerudi." Ukihesabu kwa kichwa, ukirudi hujui kama ulikuwa umefika tisa au kumi na tatu. Haragwe halina shida hiyo. Liko kushoto au liko kulia.

Watu walimcheka, na kusema kweli alichekesha. Wakulima wa Molo wameona maharagwe yakifanya kazi nyingi lakini si hiyo. "Mama, ukimaliza kunihesabu unipikie," mmoja alimwambia. Wafanyakazi wenzake wakamwita Githeri, ule mseto wa mahindi na maharagwe. Hakukasirika. Alilivaa hilo jina kama alivyovaa gambuti za hospitali, ambazo pia hazikuwa saizi yake.

Maharagwe yalianzia Nakuru, miaka kumi na tisa nyuma, kwenye wodi ya hospitali ambayo siitaji kwa sababu sina wakili. Mumewe, Nyongesa, alikuwa fundi wa reli, mtoto wa fundi wa reli. Siku moja aliteleza kutoka juu ya behewa, akavunja mguu na mbavu mbili, na akawa mgonjwa wa matusi. Alimtukana daktari kwa Kiswahili, muuguzi kwa Kibukusu, na godoro kwa Kiingereza. Saa nane mchana wakamdunga sindano ya kumtuliza. Kwa kuwa hakutulia upesi vile walivyotaka, wakamdunga nyingine. Hapo akatulia.

"Ametulia sasa, mama," muuguzi akamwambia Nekoye. "Mwache alale."

Nekoye akamwacha alale. Aliketi kando ya kitanda akifuma sweta. Watu wa kanisa walipokuja saa tisa, akaweka kidole mdomoni: "Amelala." Watu wa reli walipokuja saa kumi, akawapungia mkono warudi nje: "Msimwamshe, jamani, si ndiyo amelala sasa." Alimaliza kufuma mkono mzima wa sweta. Saa kumi na moja akavuta blanketi amfunike miguu, na miguu ilikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi.

Unajua vile kanisani wanatangaza kifo. Hawasemi mtu amekufa, wanasema ndugu yetu amelala. Kwa hiyo Nekoye alikuwa amewatangazia watu kumi na wawili msiba wa mume wake, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, huku akitabasamu. Mazishini shemeji zake walimwuliza kwa upole, na hakuna kitu kikali kama upole wa shemeji: "Sasa wewe, mama, ulikuwa umeketi hapo ukifanya nini?"

Swali hilo alirudi nalo nyumbani. Alichopata ni mambo mawili. La kwanza, aliapa kwamba hakuna mtu atakayelala tena mbele yake huku yeye ameketi. La pili, lile neno lilimharibikia. Kwake watoto "husinzia," watu wazima "hupumzika," wagonjwa "hutulia." Kulala ni kile alichofanya Nyongesa. Tuliishi naye ploti moja, na ukimsalimia asubuhi, "Mathe, umelalaje?" alikuwa anajibu, "Mimi niliamka." Tulidhani ni mzaha. Tulikuwa tunamwuliza makusudi ili tusikie jibu.

Sasa hospitali ya Mwaura. Mwaura mwenyewe si daktari wa kusomea, lakini Molo ukiwa na koti jeupe na kitambi unaitwa Daktari, na hakuna anayeomba cheti. Kila Alhamisi alikuja daktari halisi kutoka Nakuru na kamera yake ya kuangalia tumbo. Alhamisi hizo benchi lilijaa. Molo nzima ina vidonda vya tumbo, au inafikiri inavyo. Ni baridi, ni chai ya rangi, ni majirani.

Kamera hiyo ni bomba jeusi, karibu kama lile la kunyunyizia viazi dawa, na linapita kooni. Hakuna mtu mwenye akili anayelimeza kwa hiari, kwa hiyo kwanza unadungwa midazolamu. Mimi diploma ya famasia niliiacha muhula wa nne, lakini hata nusu ya diploma inatosha kueleza dawa hii. Inakulegeza. Inakutoa wasiwasi. Na zaidi ya yote, inafuta. Mtu anakohoa, anatema, anamtukana daktari mpaka ukoo wake wa tatu, halafu baada ya nusu saa anafungua macho na kuuliza, "Mtaanza saa ngapi?" Hakumbuki hata chembe. Hiyo ndiyo huruma ya dawa hiyo.

Ukali wake uko kwenye pumzi. Ikizidi, mtu hasikii maumivu, hapigi kelele, hasumbui yeyote. Anasahau tu kupumua. Ndiyo maana inadungwa polepole, kidogo, unangoja, unatazama, ndipo unaongeza. Mzee anapewa kidogo kuliko kijana. Oksijeni inakuwa karibu, dawa ya kuizima inakuwa kwenye kabati, na mtu hamwondolei mgonjwa macho mpaka aamke. Kwa Mwaura oksijeni ilikuwepo. Dawa ya kuizima ilikuwa "imeagizwa" tangu mwaka juzi. Na macho yalikuwa ya Nekoye.

Kipimo chenyewe pale kiliitwa nusu. Daktari wa Alhamisi alikuwa anasema, "Sista, mpe nusu," na Sista Joan anavuta nusu ya kichupa. Kwa mzee aliyekonda, robo. Kichupa kilikuwa cha mililita tano, ndani yake miligramu tano, basi nusu ikawa miligramu mbili na nusu, na kwa miaka sita hakuna mtu aliyehitaji kulitaja neno miligramu. Sisi ni watu wa nusu. Nusu mkate, nusu kilo, nusu saa. Hakuna anayeuliza nusu ya nini, kwa sababu kila mtu anajua kitu kizima kiko saizi gani.

Mpaka kibadilike saizi.

Vile vichupa vya zamani viliisha, na Jumanne moja Maxwel, kijana wa stoo mwenye ulimi mwepesi kuliko macho, akapokea katoni ya vingine. Vilikuwa vifupi, vya mililita tatu. Ndani yake, miligramu kumi na tano.

Nekoye ndiye aliyeviona kwanza, kwa sababu ndiye aliyepanga trei Alhamisi asubuhi.

"Sista, hiki kichupa kimefupika."

Joan alikuwa akitafuta mshipa kwenye mkono wa mtu. Hakugeuza hata kichwa. "Mathe, kila kitu kimefupika. Umeona sabuni siku hizi?"

"Hata mkate," Maxwel akadakia kutoka mlangoni. "Hata suruali za vijana wa Njoro."

Wakacheka. Nekoye akakisogeza kichupa karibu na macho. Shule aliachia darasa la nne, lakini namba alizijua. "Maandishi pia ni mengine. Kile kingine kilikuwa na tano. Hiki kina moja, halafu tano."

"Moja nukta tano hiyo, Githeri," Maxwel akasema. "Unaona sasa? Hata dawa wamepunguza. Hizi kampuni zitatumaliza."

"Sijaona nukta."

"Nukta ni ndogo, wewe ni mzee. Enda upige deki."

Joan naye akatingisha kichwa kwa uchungu wa mwananchi aliyezoea kupunjwa. "Basi nusu yake si kitu," akasema. Ndivyo ilivyokuwa. Mtaalamu wa usalama anaweza kuandika ripoti ndefu, lakini kosa lilikuwa hilo tu: watu waliopunjwa maisha yao yote hawakuweza kufikiria kwamba kuna kitu kimepungua mwili na kuongezeka nguvu mara tatu.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mpakiaji wa lori za viazi, jitu la kilo mia. Akapewa nusu yake, akabebwa nyuma ya pazia akikoroma, na kila mtu akasifu dawa mpya. Nekoye alihesabu kumi na moja, akamtikisa mpaka jitu likamtukana. Akaridhika.

Wa pili alikuwa Nyakio.

Nyakio alikuwa na miaka sabini na mitatu, mwenyekiti wa akina mama kanisani, na shamba lake la viazi lilikuwa upande wa Sachangwan. Aliletwa na kitinda mimba wake, Jeff, mwenye duka la simu Nakuru na miwani ya jua hata kukiwa na ukungu. Jeff alimwacha mamake mlangoni, akaenda kuosha gari. Nekoye akainama amvue viatu.

"Haiya," Nyakio akasema. "Huyu si ndiye nimeona akiosha choo?"

"Nimenawa, mama."

"Choo hakinawiki. Asinishike."

"Basi nipe meno, mama. Kamera haiwezi kupita na meno ya bandia."

Nyakio akayatoa, akayatumbukiza kwenye kikombe. Bila meno matusi yake yalilainika kidogo lakini hayakupungua. "Na uthiyachethee."

Joan, ambaye alikuwa amesikiliza yote, akacheka. "Huyu wa robo? Huyu ana nguvu ya kugombana. Nusu." Akavuta nusu ya kichupa. Miligramu saba na nusu, kwa bibi ambaye moja ingemtosha. Na kwa kuwa aliamini dawa yenyewe ni maji, akaisukuma yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikianza.

Nyakio alikuwa katikati ya neno "mthenthi." Hakulimaliza.

Kamera ilienda vizuri. Hilo ndilo jambo linalodanganya. Bomba likiwa kooni, mwili unakasirika, na mwili uliokasirika hausahau kupumua. Daktari wa Alhamisi alizunguka humo dakika nane, asione kidonda hata kimoja, tumbo safi kama la mtoto. Akavuta kamera, akasema, "Anayefuata." Nyakio akasukumwa nyuma ya pazia kwa Nekoye, na hapo ndipo dawa ikapata nafasi, kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kumkasirisha.

Nekoye akafungua simu yake, akatia mkono mfukoni.

Dakika ya kwanza, maharagwe saba.

Akamshika bega. "Mama Jeff." Akamtikisa. "Mama Jeff! Pumua." Kisha akapiga nduru: "Sista! Sista, kuja!"

"Mathe, niko na mgonjwa!" Joan akajibu kutoka upande wa pili wa pazia. "Mwache huyo. Amelala tu!"

Amelala tu.

Nekoye alikuwa ameshika haragwe la dakika ya pili katikati ya vidole viwili, akingoja pumzi ili alihamishe. Akangoja. Haragwe likapata joto. Akatazama mdomo wa Nyakio, ukawa unageuka rangi ya zambarau iliyoiva.

Akamzaba kofi. La kushoto, halafu la kulia, makofi ya mtu anayefua blanketi. Akakunja ngumi, akamsugua kifua katikati ya mbavu kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu, vile alivyowahi kuona daktari mmoja akifanya. Nyakio akavuta pumzi moja, ndefu, yenye kukwaruza, kama mlango wa stoo. Halafu basi. Nekoye akamwinua kidevu, akaweka mdomo wake, mdomo wa mwosha choo, juu ya ule mdomo usio na meno wa mwenyekiti wa akina mama, akapuliza. Akapuliza tena. Kati ya pumzi na pumzi akanyoosha mguu, akaipiga ndoo ya deki teke, ikaangukia trei, na vyote vikaenda sakafuni kwa kishindo.

Joan alikuja mbio na tusi tayari mdomoni. Akaiona ile midomo, na tusi likamfia hapo hapo.

Mpira wa kumpumulisha mgonjwa ulikuwepo. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo. Spana ya kuufungulia mtungi ilikuwa kwenye mfuko wa suruali ya Maxwel, na suruali ya Maxwel ilikuwa hotelini ikinywa chai. Nekoye alitoka mbio na gambuti, akarudi na spana, na nyuma yake Maxwel akiwa na andazi mkononi. Joan alikuwa akibana mpira, daktari wa Alhamisi ameshika kidevu cha Nyakio.

"Mlimpa ngapi?" daktari akauliza.

"Nusu."

"Nusu ya nini?"

Kwa miaka sita hiyo ilikuwa mara ya kwanza swali hilo kuulizwa. Nekoye ndiye aliyepiga magoti kwenye maji ya deki, akakitafuta kichupa, akampa daktari. Daktari akakisoma. Akamwonyesha Joan. Joan akakisoma, akaendelea kubana mpira huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye barakoa.

Walimbania mpira dakika arobaini. Saa saba na robo Nyakio akafungua macho, akatazama dari, akatazama watu, akauliza, "Mtaantha tha ngapi?"

Kila mtu akacheka, kicheko kile cha watu waliochungulia kaburi na kukuta si lao. Joan akamvuta Nekoye koridoni, akamkumbatia na sare yake safi, akamwambia, "Mathe, umeniokoa. Watoto wangu wangekula nini? Nitasema. Mbele ya mtu yeyote, nitasema."

Nyakio naye akarudishiwa meno. Akataka kuyavaa, na hapo ndipo akalishika shavu.

Lilikuwa limevimba. Vidole vinne vilionekana wazi, kama vimechorwa. Akashika kifua, akafungua kifungo, akaona wekundu wa saizi ya sahani. Kumbuka, kwake yeye asubuhi hiyo ilikuwa hivi: alikuja kwa miguu yake, akamkataza mwosha choo asimshike, akafumba macho, akafumbua macho akiwa amepigwa. Katikati hapakuwa na kitu. Dawa ilikuwa imeifuta Alhamisi yake, ikafuta hofu, kamera, zambarau, pumzi za kuazima, ikaacha makofi tu.

"Nani amemgusa mathe wangu?" Jeff akauliza, miwani ikiwa juu ya paji la uso.

Na kwenye benchi, mwananchi mmoja mwaminifu aliyechungulia kwenye upenyo wa pazia akasema, "Ni yule wa deki. Nimeona na macho yangu. Mbili, safi."

Kikao kilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, ofisini kwa Mwaura. Nyakio alikalia kiti cha wageni. Jeff alisimama na simu akirekodi. Joan alisimama kando ya kabati, Maxwel mlangoni. Nekoye alisimama katikati, akiwa amevaa viatu vya kanisa. Alikuja bila wasiwasi. Alidhani amekuja kushukuriwa.

Mwaura, ambaye tangu Alhamisi jioni alikuwa amejua kila kitu, akafungua kwa sala. Halafu akauliza, "Mama Nekoye, ulimpiga huyu mama au hukumpiga?"

"Nilimpiga."

Jeff akasogeza simu karibu. "Rudia."

"Nilimpiga makofi mawili. Na nikamsugua kifua."

"Kwa nini?"

Nekoye alikuwa na neno moja tu la jambo hilo. Alikuwa amelibeba miaka kumi na tisa, hakuwahi kulitumia kwa kitu kingine.

"Alikuwa amelala," akasema.

Kisha Jeff akacheka, kicheko kibaya. "Mmesikia? Alimpiga kwa sababu alikuwa amelala! Hospitalini! Si mgonjwa analala hospitalini, ama alale wapi, disko?"

"Hapana, kijana wangu. Amelala. Amelala kabisa. Saba, halafu hakuna. Maharagwe..."

"Maharagwe gani tena?"

"Ya kuhesabu. Yalikuwa saba. Sasa ndiyo nikampulizia..."

"Ati ulinipulithia?" Nyakio akainuka nusu, meno yakilegea. Akayabana kwa kidole, akaanza upya. "Ulinipulizia nini, wewe? Na maharagwe! Daktari, hapa mmeajiri mganga?"

"Nilikupulizia hewa, mama. Kwa mdomo."

Nyakio akautazama mdomo wa Nekoye. Akatoa kitambaa, akajifuta wake pole pole, mbele ya kila mtu, kisha akakitupa kwenye pipa la Mwaura.

Nekoye akageuka kwa Joan. Hakusihi. Alimtazama tu, kama unavyomtazama mtu aliyeshika upande wa pili wa gunia, ukingoja naye ainue. "Sista, waambie."

Mwaura naye akamtazama Joan. "Sista Joan," akasema kwa upole. Tumeshasema kuhusu upole. "Unajua ukisema kitu hapa kinarekodiwa. Uko na leseni yako. Kulikuwa na shida yoyote na dawa?"

Joan akaitazama simu ya Jeff. Akatazama viatu vyake vyeupe.

"Mgonjwa alikuwa ametulia," akasema. "Mimi nilikuwa na mgonjwa mwingine. Sikuona."

Maxwel, mtu wa mzaha kwa kila msiba, safari hii hakupata hata mmoja.

Nekoye hakupiga kelele. Alirudia lile swali alilokuwa ameulizwa kwenye mazishi ya Nyongesa, lakini alimwuliza Joan, na kwa sauti ndogo. "Sasa wewe, sista, ulikuwa umesimama hapo ukifanya nini?"

"Unaona kiburi?" Nyakio akasema.

Mwaura akamfuta kazi papo hapo, kwa kumpiga mgonjwa mzee aliyekuwa usingizini. Akataka aproni. Nekoye akaifungua, akamwaga maharagwe kiganjani kwanza, kisha akamkabidhi kitambaa. Jeff akarekodi hayo pia. Video ilizunguka Molo wiki nzima, ikiwa na muziki.

Na usifikiri hawakujifunza, la. Alhamisi iliyofuata kulikuwa na karatasi juu ya trei, kwa mwandiko mzuri wa Joan: SOMA MILIGRAMU, USISOME KICHUPA. Neno nusu lilipigwa marufuku. Spana ikafungwa kwa mnyororo kwenye mtungi. Dawa ya kuizima, ile iliyokuwa imeagizwa tangu mwaka juzi, ilifika kwa siku sita. Wakaajiri binti, Chelagat, akaambiwa kazi yake ni moja tu, kuketi na kuhesabu pumzi, na asitumwe popote. Kila kitu Nekoye alichokuwa amekisema kiliandikwa ukutani. Yeye tu ndiye aliyefutwa, na midazolamu ndiyo inayojua kufuta.

Hospitali nyingine za Molo zilikuwa zimeona video. Sasa anafanya kibarua cha kuchambua viazi kando ya barabara kuu, Sachangwan, mahali lori zinapopakia: vikubwa gunia hili, vidogo lile, vilivyooza chini. Baridi ya huko inang'ata, na wenzake wamemletea jina jipya. Wanamwita Kofi.

Wiki iliyopita Nyakio alileta viazi vyake. Ana afya, huyo bibi. Shavu limepona, tumbo halijawahi kuwa na kitu, na anapanda mlima wa Sachangwan kwa miguu. Alipomwona Nekoye ameinama kwenye gunia lake, akatupa mikono juu.

"Haiya! Hata hapa? Wee mwenye lori, unajua huyu ni nani? Huyu ndiye alinipiga nikiwa usingizini! Mzee kama mimi! Akaniwekea mdomo wake wa choo!" Na akaendelea, kwa sauti ya mwenyekiti, bila kukohoa wala kusita, mpaka wapakiaji wakaacha kazi waje wasikilize. Alimaliza ukoo wa Nekoye, akaanza wa Nyongesa.

Nekoye hakuinua kichwa. Mkono wa kulia uliendelea kuchambua. Wa kushoto ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na ukitazama vizuri uliona kitambaa kikicheza kidogo, kikitulia, kikicheza. Kabambe ilikuwa juu ya gunia.

Dakika ikaisha. Akatoa mkono, akafungua kiganja, akayahesabu maharagwe.

"Kumi na nane," akasema, bila kumwambia mtu yeyote, na akafunga gunia.